Uchungu wa Gome

Soko la Kamukuywa limekaa kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye kama abiria anayesubiri matatu. Pita wauza nyanya, pita mitumba, utamkuta kukhu mmoja, yaani bibi, juu ya kigoda, gunia limetandazwa mbele yake. Juu ya gunia kuna magome yaliyofungwa kwa nyuzi za katani, mizizi iliyokatwa vipande, na unga wa rangi ya matofali ndani ya chupa za soda zilizooshwa. Nilimuuliza lipi ni la homa. Akavunja kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akanipa.

"Tafuna, mwanangu."

Mwanzoni halikuwa na ladha ila ya ubao mkavu. Kisha uchungu ukashuka nyuma ya ulimi, ukakaa. Nilinunua soda, nikaimaliza, nikavuka barabara na kurudi, bado upo. Kukhu alikuwa ananitazama akicheka. "Sasa unajua ni dawa."

Kiswahili kina neno moja kwa mambo matatu hapa. Uchungu ni ladha, uchungu ni maumivu, na uchungu ndio unaomshika mama siku ya kujifungua inapofika. Kuna ukoo mmoja wa miti ambao historia yake inapita katika maana zote tatu, na safari hiyo imefika hadi kliniki za wajawazito za magharibi mwa Kenya.

Mti huo ni mwerebi. Wanaosoma Biblia wamekutana nalo jina hilo: ni mti wa kando ya vijito. Aina zake duniani ni zaidi ya 300. Unaotajwa sana katika vitabu vya mitishamba vya Marekani ni mwerebi mweusi, wenye gome la giza lililopasukapasuka, ambalo wenyeji wa mashariki mwa Amerika Kaskazini walilichemsha kwa homa na maumivu ya viungo. Huo si mti wa kwetu. Wa kwetu ni ndugu yake, ambao Waarabu huuita safsafi. Unaanzia Misri, unafuata mito kupitia Ethiopia na nyanda za juu za Afrika Mashariki, unafika hadi Afrika Kusini. Majani yake ni membamba kama visu vidogo, upande wa chini yamefifia kana kwamba yamepakwa vumbi la chokaa. Waethiopia hutafuna vijiti vyake kama mswaki, na watu wa kusini huuchemsha kwa homa na baridi yabisi. Maandishi ya tiba ya Misri ya kale, ya zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, nayo yanautaja mwerebi.

Watu wasiojuana, katika mabara tofauti, wakaliendea gome la ukoo mmoja wa miti kwa maradhi yaleyale. Hilo peke yake halithibitishi kitu, maana watu wengi wanaweza kukosea pamoja. Lakini ni fununu nzuri, na sayansi nyingi imeanza na fununu hafifu kuliko hiyo.

Aliyeifuata fununu hii kwa utaratibu alikuwa kasisi wa mashambani huko Uingereza. Alionja gome la mwerebi, akashtushwa na uchungu wake, ambao ulimkumbusha gome la mkwinini, dawa ya homa iliyoagizwa kutoka Amerika Kusini kwa bei ya kuumiza. Akakusanya karibu ratili moja ya magome, akayatia mfukoni na kuyatundika kwenye tanuri la mwokaji mikate kwa zaidi ya miezi mitatu mpaka yakakauka, akayasaga. Halafu akafanya jambo ambalo waonjaji wote kabla yake hawakutuachia kumbukumbu yake: akapima. Kipimo cha unga ndani ya maji, kila baada ya saa nne, kwa wagonjwa wapatao 50, kwa muda wa miaka 5, huku akiangalia nani kapona na nani hakupona. Mwaka 1763 akawaandikia barua wanasayansi wa London.

Barua hiyo husifiwa sana, na inastahili. Ila kuna kosa ndani yake, na kosa hilo ndilo ningependa mama wa Kamukuywa alijue kuliko sifa zote. Kasisi aliamini amepata mbadala wa kwinini. Homa za vipindi za enzi hizo, katika nchi yenye mabwawa, nyingine zilikuwa malaria. Kwinini huua vimelea vya malaria, lakini gome la mwerebi halivigusi. Linachofanya ni kushusha joto la mwili. Ladha ni moja, kazi ni mbili tofauti kabisa.

Sasa fikiria mtoto wa miaka mitatu, Bungoma, msimu wa mvua. Jioni anachemka. Anapewa maji ya gome, au nusu ya kidonge cha kichwa kilichonunuliwa dukani kimoja kimoja. Saa mbili baadaye ametoa jasho, amepoa, ameomba uji. Nyumba nzima inashusha pumzi. Vimelea navyo havikusikia habari hiyo: vinaendelea kuzaana ndani ya chembe za damu usiku kucha. Homa iliyoshuka bila kipimo cha damu ni kengele iliyofungwa kitambaa wakati mwizi bado yumo ndani. Kidole kichomwe kwanza, tone la damu lipimwe, halafu tuzungumze dawa.

Turudi kwa gome. Mwaka 1828, mjini Munich, fuwele za manjano zenye uchungu mkali zilitengwa kutoka kwenye mwerebi na kupewa jina salicini, kutokana na neno la Kilatini la mti huo. Mwaka 1874 daktari mmoja wa Dundee, Scotland, alizimeza mwenyewe kwanza, akaona hazimdhuru, ndipo akawapa wagonjwa wa homa ya baridi yabisi. Viungo vyao vilivyovimba vikatulia. Mwaka 1897 wakemia wa Ujerumani waliunda asidi ya jamii hiyo kwa namna iliyovumilika zaidi tumboni, na miaka miwili baadaye ikaingia sokoni kwa jina la aspirini. Kwa haki ya historia niseme kwamba jina lenyewe limetoka kwenye ua jingine la Ulaya, na kwamba aspirini ya leo haitengenezwi kwa mti wowote. Hutengenezwa kiwandani, kwa malighafi za kemikali. Anayekuambia unameza mwerebi anakupamba.

Watu waliimeza zaidi ya miaka 70 bila kujua inafanyaje kazi. Jibu lilikuja 1971, likazaa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Mwili ukiumia, chembe zake hutengeneza matarishi wa kemikali waitwao prostaglandini, ambao hueneza habari: hapa pamevimba, hapa pauma, joto lipande. Aspirini hufunga mlango wa karakana inayowatengeneza. Hapo hapo unaona kwa nini dawa hii ina faida na hatari kwa mkono mmoja. Miongoni mwa matarishi hao wamo wanaolinda ngozi ya ndani ya tumbo, na wengine wa jamii yao huamuru damu igande. Ukifunga mlango, maumivu yanapungua, damu inakuwa nyepesi, na tumbo linabaki bila mlinzi. Wenye vidonda vya tumbo wanaelewa sentensi hiyo bila maelezo.

Na gome lenyewe, je? Limepimwa pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wagonjwa 210 wenye maumivu ya mgongo waligawanywa katika makundi matatu kwa muda wa wiki nne: wengine walipewa dondoo la gome lenye miligramu 240 za salicini kwa siku, wengine 120, wengine kidonge kisicho na dawa. Mwishoni, walioishi bila maumivu angalau siku tano za wiki ya mwisho walikuwa asilimia 39 katika kundi la kwanza, 21 katika la pili, na 6 katika la tatu. Kwa hiyo waganga wa kale hawakuwa wakiota. Ila angalia hesabu hiyo vizuri: nusu ya kipimo ilileta karibu nusu ya nafuu. Miti miwili ya aina moja inayotazamana mtoni inaweza kutofautiana kiasi cha salicini, na hata mti mmoja hubadilika kwa msimu. Sufuria ya jikoni haisemi umekunywa 240 au 40.

Kuna swali ambalo mwanafunzi mdadisi wa kidato cha tatu angeuliza mapema kuliko mimi: mti hauumwi kichwa, salicini unaitakia nini?

Jibu la kwanza ni silaha. Uchungu huwafukuza wadudu na wanyama wengi wanaokula majani. Lakini porini kila kufuli lina mwizi wake. Wako mbawakawa wadogo ambao mabuu yao hula majani ya mwerebi bila woga, huichukua salicini, huigeuza ndani ya miili yao, na kuitoa kama matone yenye harufu kali kwenye tezi za mgongoni: usiniguse, nisikuguse. Sumu ya mti imekuwa mkuki wa mdudu. Nimelisoma hilo mara kadhaa na bado linanifurahisha.

Jibu la pili ndilo lenye uzito kwa mkulima. Asidi ya salisiliki haiko kwenye mierebi peke yake; mimea mingi huitengeneza kwa kiasi kidogo, kuanzia mpunga hadi tumbaku. Mwaka 1979 ilionekana kwamba majani ya tumbaku yaliyopewa aspirini yalipigana vizuri zaidi na virusi. Miaka ya 1990 ikadhihirika kwamba mmea wenyewe, ukishambuliwa jani moja, hupandisha asidi hiyo, na majani ambayo hayajaguswa huanza kujihami. Na mwaka 1997 likaja la ajabu zaidi: mmea mgonjwa huigeuza asidi hiyo kuwa mvuke, na mvuke ukiwafikia majirani wazima nao hujiandaa. Mvuke huo unaujua. Ndio harufu ya ile dawa ya kuchua misuli inayotanda kwenye chumba cha wachezaji kabla ya mechi.

Mtu asitoke hapa akaponda aspirini kuinyunyizia mahindi. Yapo majaribio yanayotia moyo, lakini kiasi kikizidi kidogo mmea huungua au hudumaa, na hakuna kipimo kimoja kwa mazao yote. Lililokwisha kufika shambani ni wazo lenyewe, kwamba mimea huzungumza kwa harufu na mkulima anaweza kuingilia mazungumzo hayo. Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako wakulima, miaka ya 1990, walijaribu kilimo cha kusukuma na kuvuta: desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, harufu yake ikiwasukuma nje nondo wa funza wapekechao mabua, na nyasi za nepia pembezoni zikiwavuta wakatage huko. Kemikali za desmodiamu ni nyingine, si za mwerebi. Lugha ni ileile. Desmodiamu vilevile hudhoofisha gugu la striga na huliwa na ng'ombe, ingawa mwenye shamba la robo ekari atakuambia ukweli: mbegu ni ghali na msimu wa kwanza palizi inachosha.

Halafu kuna mto. Watafiti wa mazingira wanaupenda mwerebi kwa sababu isiyohusu tiba kabisa: ukikata fito mbichi ya mwerebi mweusi na kuichomeka kwenye udongo wa ukingo, hutoa mizizi. Mizizi hiyo hustahimili mafuriko, hushona ukingo kama uzi unavyoshona gunia, na kivuli cha matawi hupoza maji ya samaki. Marekani fito hizo hutumika kurudisha kingo zilizoporomoka.

Simama kwenye daraja la Kamukuywa baada ya mvua ya Mei uone rangi ya maji. Ni rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa shamba la mtu, mbolea aliyoilipia ikiwa ndani yake. Maji ya upande huu wa Mlima Elgon hushuka hadi Nzoia, na Nzoia hufikia Ziwa Victoria kupitia Budalang'i, ambako wakulima hulala wakisikiliza kingo wakati wa mafuriko na wavuvi huvuta nyavu zilizojaa matope. Wengi wetu tumepanda mikaratusi hadi ukingoni kwa sababu nguzo zina soko, na sina haki ya kumlaumu mzazi anayelipa karo kwa nguzo. Lakini kanuni za nchi zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mto uachwe bila kulimwa, na ukanda huo unafaa mkuyu, mianzi ya asili na safsafi yetu wenyewe. Nasema yetu wenyewe kwa makusudi. Australia iliingiza mierebi ya ng'ambo kushikilia kingo. Ikasambaa ikaziba mito, na leo nchi hiyo inalipa watu kuing'oa.

Gome nalo lina bei yake kwa mti. Mti hushusha chakula chake kupitia tabaka la ndani la gome, na ukiuchuna mzunguko mzima umeunyonga. Mwiritsa wa misitu yetu, ambao gome lake lilisafirishwa nje kwa ajili ya dawa ya tezi dume, ulichunwa hivyo katika nchi kadhaa za Afrika hadi biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1995.

Sasa nimfikie mama mjamzito, maana ya tatu ya uchungu. Kati ya mwaka 2016 na 2018, wanawake 11,976 waliobeba mimba ya kwanza walijiunga na utafiti mmoja katika nchi sita: Kenya, Kongo, Zambia, India, Pakistan na Guatemala. Upande wa Kenya ulifanyika huku kwetu magharibi. Nusu walipewa aspirini kidogo, miligramu 81 kwa siku, nusu kidonge kisicho na dawa, kuanzia kabla ya wiki 14 za mimba. Hawakujua nani kapewa kipi, na waliowapa hawakujua.

Matokeo yalitoka Januari 2020. Katika kundi la kidonge kitupu, asilimia 13.1 walijifungua kabla ya siku kutimia. Katika kundi la aspirini, asilimia 11.6. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uihesabu kwa vichwa: katika kila kina mama 1,000, ni 15 hivi ambao watoto wao hawakuwahi kabla ya wakati. Vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 53.6 hadi 45.7 kwa kila uzazi 1,000. Inadhaniwa kwamba kiasi hicho kidogo husaidia damu ipite vizuri kwenye kondo la nyuma, na kwa njia hiyo pia hupunguza hatari ya presha ya ujauzito inayoweza kuishia kifafa cha mimba. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo kuliko mandazi.

Hii si ruhusa ya kununua aspirini dukani kwa sababu umekosa hedhi. Miongozo ya kimataifa inaielekeza kwa mama aliye katika hatari kubwa ya presha ya mimba, kwa kiasi kidogo, ianze kabla ya wiki ya 20, na mwenye kuamua ni mhudumu aliyempima. Kipimo cha maumivu ya kichwa ni kingine, ni kikubwa mara kadhaa. Chini ya miaka 16 aspirini haitolewi bila daktari: mwaka 1980 Marekani ilirekodi watoto 555 wenye ugonjwa adimu wa ubongo na ini uliohusishwa nayo, na wazazi walipoonywa ugonjwa huo ukakaribia kutoweka. Ndugu wa Mombasa waiepuke wakati wa homa ya dengi. Na mzee mwenye afya asijianzishie ya kila siku kulinda moyo. Utafiti wa mwaka 2018 uliohusisha wazee zaidi ya 19,000 uliona imeongeza kuvuja damu bila kuongeza miaka ya afya.

Nilirudi kwa kukhu wiki iliyofuata, nikamsimulia habari ya kina mama 11,976. Alisikiliza huku akifunga magome. Nilimuuliza kipimo chake ni kipi. Akakunja kiganja, akaonyesha mstari wa katikati kwa kidole: "Mpaka hapa, mtu mzima." Na mjamzito?

"Huyo simpi gome. Namwambia aende kliniki."

Nikamwambia shida ya dawa ile ni kwamba yataka ianze mapema, na wengi hufika kliniki tumbo likishaonekana, mwezi wa tano au wa sita, kwa kuwa mimba changa haitangazwi.

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyechelewa kuelewa. "Kliniki haitangazwi," akasema. "Kwangu wanakuja mwezi wa pili, wakitapika, wanataka kitu cha kutuliza moyo. Mimi najua kabla ya mume." Akaweka fungu la gome juu ya gunia, akajifuta mikono kwenye leso. "Hao wa utafiti, waliwahi kupita hapa sokoni?"